Siku moja Disneyland Paris: mambo ya kupanga kabla familia haijafika langoni

Mwaka 2023 zaidi ya watu milioni 10 waliingia katika bustani kuu ya Disneyland Paris, nchini Ufaransa. Kwa familia za Afrika Mashariki na Kati zenye ndugu Ulaya, safari ya huko mara nyingi huwa zawadi: mjomba anayeishi Lyon au dada anayefanya kazi Brussels anaalika watoto, na bibi anafuatana nao. Fedha huchangwa kwa miezi mingi. Siku yenyewe ni moja.

Familia nyingi hupanga nauli na tiketi kwa makini, kisha hufika langoni bila kujua saa zao zitakwendaje. Mchana unaisha wakiwa kwenye foleni, mtoto mdogo amechoka, na mchezo aliousubiri mkubwa wake umemkataa kwa sababu urefu wake haujatimia. Makala hii inaeleza namna ya kupanga siku hiyo kwa kufuata mambo matatu: karatasi za safari, saa za siku, na miguu ya mtoto mdogo kuliko wote.

Ni mahali gani hasa?

Disneyland ya kwanza ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 huko Anaheim, California, Marekani, na Walt Disney, mtengenezaji wa filamu za katuni. Baadaye kampuni yake ilijenga nyingine Florida mwaka 1971, Tokyo mwaka 1983, Paris mwaka 1992, Hong Kong mwaka 2005 na Shanghai mwaka 2016.

Ile ya Paris haiko ndani ya jiji. Iko Marne-la-Vallée, kilomita 32 hivi mashariki mwa Paris, mahali palipokuwa na mashamba makubwa, yakiwemo ya viazisukari. Ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 kwa jina la Euro Disney.

Leo kuna bustani mbili zilizo jirani. Ya kwanza, yenye kasri la rangi ya waridi, ndiyo Disneyland Park. Ya pili ilifunguliwa mwaka 2002 na inahusu zaidi filamu. Kila moja ina lango lake, na tiketi ya kawaida ya siku moja huingiza mtu katika bustani moja tu. Tiketi ya bustani zote mbili ni ghali zaidi. Familia yenye watoto wadogo na siku moja pekee hufaidika zaidi ikibaki Disneyland Park, kwa kuwa huko ndiko kwenye michezo mingi isiyo na masharti ya urefu.

Ndani kuna sehemu tano. Main Street ni barabara ya kuingilia yenye maduka. Frontierland inaonyesha Marekani ya zamani, Adventureland ina maharamia na mapango, Fantasyland ni ya hadithi za watoto, na Discoveryland ni ya safari za anga. Katika makala hii tutaita “mchezo” kila kitu ambacho mtu hupanda au huingia ndani yake: mashua, vigari vya relini, pembea na kadhalika.

Nani anahitaji viza?

Ufaransa ni mojawapo ya nchi za Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen kabla ya kusafiri. Anayeishi Ubelgiji au Ujerumani kwa kibali halali cha ukaazi anaweza kwenda Ufaransa kwa matembezi bila viza nyingine, kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya siku 180. Anayeishi Uingereza hali yake ni tofauti. Uingereza haimo katika Schengen, hivyo Mtanzania au Mkenya mwenye kibali cha kuishi London bado anahitaji viza ili avuke kwenda Paris. Wengi hugundua jambo hili wakiwa wamekwisha kulipia treni.

Ada ya viza tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipi. Chukua mfano wa baba, mama, bibi, mtoto wa miaka 8 na mwingine wa miaka 4. Watu wazima watatu ni euro 270, mtoto wa miaka 8 ni euro 45, jumla euro 315. Viza ikikataliwa, fedha hizo hazirudi. Kituo cha kupokea maombi nacho kinaweza kutoza gharama yake ya huduma.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutolewa ndani ya siku 15, lakini ubalozi unaweza kuchukua hadi siku 45 ukihitaji kuchunguza zaidi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iwe na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000.

Kama mtalala kwa ndugu, ndugu huyo anatakiwa kwenda kwenye ofisi ya meya wa mji wake kuomba hati iitwayo attestation d'accueil. Hati hiyo huthibitisha kwamba anawakaribisha na ana nafasi ya kuwalaza. Hulipiwa stempu ya euro 30, na ofisi nyingine huchukua wiki kadhaa kuitoa. Mwambieni mapema, kwa sababu barua ya kawaida ya mwaliko haichukui nafasi yake.

Mtoto anayesafiri na bibi, shangazi au mjomba bila wazazi awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili. Pale ambapo mzazi mmoja amefariki au hayupo, ulizeni ubalozi ni hati gani itakayokubalika badala ya ridhaa yake.

Muhimu kukumbuka: tiketi ya Disneyland haimpi mtu viza wala haiongezi nafasi ya kuipata. Anayekuambia kwenye WhatsApp kwamba “kifurushi” chake kina tiketi na viza ya uhakika, tena umlipe leo kwa namba ya simu, anataka fedha zako. Viza hutolewa na ubalozi tu.

Tiketi: chagua tarehe kwanza

Bei ya tiketi haifanani kwa siku zote. Siku ambazo watu ni wachache ni nafuu, na siku za likizo na wikendi ni ghali. Kwa hiyo bei ya chini ni dalili nzuri mara mbili: unalipa kidogo, na foleni nazo huwa fupi.

Tofauti ya kalenda za shule inaweza kuwasaidia watu wa kwetu. Watoto wa Ufaransa huanza likizo kubwa mwanzoni mwa Julai hadi mwisho wa Agosti. Wana pia likizo za wiki mbili mbili Oktoba, Krismasi, Februari au Machi, na Aprili au Mei. Shule za Tanzania hufunga mwezi Juni, wakati ambao watoto wa Ufaransa bado wako darasani. Wiki za mwanzo za Juni huko kuna joto la wastani, na jua huzama karibu saa nne usiku. Kwa familia ya Kitanzania huo ni wakati mzuri kuliko Desemba.

Familia ya Kenya inayosafiri Agosti itakutana na umati. Ikisafiri Novemba, baada ya likizo ya Wafaransa kwisha, watu hupungua lakini baridi huwa kali kwa aliyetoka nchi ya joto. Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, na nyuzi joto zinaweza kukaribia sifuri. Mtoto ahitaji koti, kofia, glovu na viatu visivyopitisha maji. Mkiweza, chagueni Jumanne au Alhamisi. Jumatano si siku nzuri sana kwa kuwa watoto wengi wa shule za msingi Ufaransa hawana masomo siku hiyo.

Mtoto wa chini ya miaka 3 huingia bure. Wa miaka 3 hadi 11 hulipa bei ya mtoto. Kuanzia miaka 12 ni bei ya mtu mzima. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kuingia, hivyo wiki chache zinaweza kubadilisha hesabu.

Nunua kwenye tovuti rasmi au kwa wakala anayejulikana. Aliyeko Kenya anaweza kulipia mtandaoni kwa kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022, na wengine hutumia kadi ya benki au humwomba ndugu aliyeko Ulaya alipe. Msinunue picha ya tiketi kutoka kwa mtu msiyemfahamu. Msimbo wa tiketi husomwa na mashine mara moja, na picha hiyo hiyo inaweza kuwa imeuzwa kwa watu kumi. Soma masharti ya kubadilisha tarehe kabla ya kulipa, na kama viza bado haijatoka, usinunue tiketi isiyorudishwa.

Siku ina saa ngapi za kucheza?

Disneyland Park kwa kawaida hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Wageni waliolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia saa moja kabla, lakini si kila mchezo unafanya kazi wakati huo. Saa ya kufunga hubadilika kulingana na msimu. Saa zote huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 21:30 ni saa tatu na nusu usiku.

Tuseme bustani imefunguliwa kwa saa 12, nanyi mnaweza kukaa saa 10 kabla mtoto hajachoka kabisa. Toa saa moja ya chakula cha mchana. Toa saa moja na nusu ya kutembea kutoka sehemu moja hadi nyingine. Toa nusu saa ya msalani na kubadilisha nepi. Toa saa moja ya gwaride la wahusika wa katuni, kwa sababu ili mtoto aone ni lazima muwahi nafasi. Zimebaki saa 6.

Siku ya watu wengi, mchezo unaopendwa huwa na foleni ya dakika 45 hadi 60 au zaidi, na wenyewe huchukua dakika chache tu. Ukiweka saa moja kwa kila mchezo wa aina hiyo, saa 6 ni michezo 6. Bustani ina michezo na maonyesho mengi kupita idadi hiyo mara kadhaa. Hakuna familia inayoimaliza kwa siku moja, na inayojaribu hurudi na ugomvi.

Ndiyo maana inafaa mketi nyumbani, kila mtu ataje mchezo mmoja tu anaoutaka kuliko yote. Familia ya watu watano itapata michezo mitano. Hiyo ndiyo ratiba. Kingine chochote kitakachopatikana ni ziada. Bibi naye ataje wake, maana mara nyingi wazee hutumika kushika mikoba siku nzima.

Kampuni huuza haki ya kupita njia fupi iitwayo Premier Access. Hulipwa kwa kila mtu na kwa kila mchezo, na bei yake hupanda siku za watu wengi. Kwa watu watano gharama hukua haraka. Kama fedha ni za kuhesabu, fikeni mapema badala ya kununua. Foleni za saa ya kwanza asubuhi, wakati wa gwaride, na saa ya mwisho kabla ya kufunga huwa fupi kuliko za mchana.

Pima mtoto nyumbani

Wafanyakazi wana fimbo ya kupimia urefu mlangoni mwa michezo ya kasi. Hawakubali maombi wala machozi, kwa kuwa vyuma vya kumshikilia mtu vimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani. Mtoto mfupi anaweza kuchomoka. Hivi ndivyo vipimo vya baadhi ya michezo inayotajwa sana:

- Big Thunder Mountain, treni ya mgodini inayopanda na kushuka: sentimita 102.
- Star Tours, chombo cha anga kinachotikisika: sentimita 102.
- Star Wars Hyperspace Mountain, treni ya kasi gizani: sentimita 120.
- Indiana Jones, treni inayopinduka kichwa chini: sentimita 140.
- Crush's Coaster, katika bustani ya pili: sentimita 107.
- Tower of Terror, lifti inayoanguka, katika bustani ya pili: sentimita 102.

Mpime mtoto ukutani, bila viatu, kwa futikamba ya fundi cherehani. Kama ana sentimita 100, mwambieni mapema nyumbani kwamba treni ya mgodini si ya safari hii. Kusikia habari hiyo mezani kunauma kidogo. Kuisikia baada ya kusimama saa nzima kunaharibu siku ya wote.

Michezo mingi haina sharti la urefu. Pirates of the Caribbean ni safari ya mashua katikati ya maharamia. It's a small world ni mashua nyingine, yenye sanamu za watoto wa mataifa mbalimbali wanaoimba. Peter Pan's Flight huruka juu ya mfano wa jiji la London, na foleni yake huwa ndefu karibu siku zote, kwa hiyo anzeni nayo asubuhi. Phantom Manor ni nyumba ya mizimu. Mtoto mdogo anaingia, lakini mwoga atalia.

Wazazi wenye mtoto mfupi na mwingine mrefu waombe utaratibu wa kubadilishana. Mzazi mmoja anapanga foleni na mtoto mkubwa huku mwingine akibaki nje na mdogo. Akitoka, yule wa pili anaingia bila kuanza foleni upya. Mwambieni mfanyakazi wa mlangoni kabla ya kujipanga.

Kuna mengine yasiyohitaji foleni ndefu. Chini ya kasri kuna pango lenye joka linalotikisa kichwa na kutoa moshi. Kuna nyumba ya juu ya mti, mapango ya kupita kwa miguu, na njia za kupotezana za hadithi ya Alice. Mtoto wa miaka 4 huweza kufurahia joka hilo kuliko treni yoyote.

Kufika na kuanza siku

Kutoka katikati ya Paris mnapanda treni ya RER A, katika vituo kama Châtelet–Les Halles, Gare de Lyon au Nation, hadi kituo cha mwisho kiitwacho Marne-la-Vallée–Chessy. Safari huchukua dakika 40 hivi. Njia hiyo hugawanyika mbele, na tawi jingine huenda Boissy-Saint-Léger. Soma ubao kabla ya kupanda. Mwaka 2025 nauli ya treni katika mkoa wote wa Paris iliwekwa kuwa euro 2.50 kwa safari moja, isipokuwa ya viwanja vya ndege, ambayo ilikuwa euro 13. Kila abiria awe na kadi au tiketi yake. Kadi moja haipitishi watu wawili.

Anayetua uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle anaweza kupanda treni ya kasi ya TGV hadi kituo hicho hicho kwa dakika 10 hivi. Lango la bustani liko hatua chache kutoka kituoni.

Mikoba hukaguliwa kabla ya kuingia. Fikeni angalau dakika 45 kabla ya kufunguliwa. Mkiingia, msisimame kwenye maduka ya Main Street, kwa kuwa yatakuwepo jioni. Nendeni moja kwa moja kwenye mchezo wenye foleni ndefu zaidi katika orodha yenu, kisha wa pili. Kuleni mapema, saa tano na nusu, kabla wengine hawajaanza kujipanga. Baada ya chakula chagueni mashua au treni ya taratibu inayozunguka bustani, ili mtoto apumzike. Jioni rudini kwenye mchezo mmoja au miwili iliyobaki.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 hutembea kilomita kadhaa siku hiyo. Hata kama nyumbani alikwisha kuacha kubebwa, kukodi kigari cha kusukuma langoni, au kuja nacho, kunaweza kuokoa saa mbili za jioni.

Simu ni muhimu kwa sababu programu ya Disneyland Paris huonyesha urefu wa foleni kwa dakika na michezo iliyofungwa kwa matengenezo. Ipakueni na mwingie akaunti zenu mkiwa nyumbani. Hifadhini tiketi kama picha, na mchapishe nakala ya karatasi. Chajini simu zote usiku, na mbebe pawabenki. Kumbukeni pia kwamba Afrika Mashariki iko mbele ya Paris kwa saa 1 wakati wa kiangazi chao na saa 2 wakati wa baridi. Simu isiyojirekebisha itawapotosha.

Chakula na fedha za ndani

Chakula ndani ya bustani ni ghali kuliko mjini. Kuingia na chakula chepesi cha mtu mmoja mmoja, kama mikate, matunda na biskuti, kunaruhusiwa. Maboksi makubwa ya barafu na chupa za glasi haziruhusiwi. Bebeni chupa tupu za plastiki na mjaze kwenye mabomba ya maji ya kunywa, maana maji ya bomba Ufaransa ni salama.

Wanaokula halali waulize kabla ya kuagiza, au wachague samaki na mboga. Mwenye mzio wa karanga au maziwa amwambie mhudumu.

Kinachomaliza fedha zaidi ya chakula ni maduka. Michezo mingine mtu akitoka hupitia dukani, na vitu vimewekwa kwenye kimo cha macho ya mtoto. Mpeni kila mtoto kiasi chake asubuhi, na mkubaliane kwamba kununua ni jioni. Hivyo atakuwa ameona vyote kabla ya kuchagua, na hamtabeba mdoli siku nzima.

Mtoto akipotea

Katika umati wa maelfu, mtoto hupotea kwa sekunde chache. Kabla ya kuingia, mpigeni picha ya siku hiyo ili nguo alizovaa zionekane. Andikeni namba ya simu kwenye mkono wake kwa kalamu, ikianza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, kwa mfano +255 au +254. Kama mna laini ya Ufaransa, itaanza na +33. Hakikisheni simu hiyo inapokea simu ukiwa nje ya nchi, au andikeni namba ya ndugu aliyeko Ulaya.

Mfundisheni mtoto asimame alipo, na akiona mtu mwenye beji ya jina kifuani amwonyeshe namba hiyo. Haijalishi kama hawaelewani lugha. Wafanyakazi wana sehemu maalumu ya kuwatunza watoto waliopotea. Mzazi naye amwambie mfanyakazi aliye karibu mara moja, asianze kuzunguka peke yake. Chagueni pia mahali pa kukutana ambapo mtoto mkubwa hawezi kukosea, kama mbele ya kasri. Namba ya dharura kote Ulaya ni 112.

Wazee, wajawazito na wenye ulemavu

Mjamzito asipande michezo ya kasi. Mwenye tatizo la moyo, shinikizo la damu, mgongo au shingo asome tangazo la mlangoni. Tangazo lina michoro kwa wasiojua Kifaransa. Viti vya magurudumu hukodishwa langoni. Mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu anaweza kupata kadi ya kurahisisha foleni kwa kuonyesha hati za daktari. Tafsirini hati hizo kwa Kifaransa au Kiingereza kabla ya kusafiri. Dawa zibebwe mkobani, si kwenye sanduku lililobaki nyumbani kwa ndugu.

Kama ndugu zenu wako Ghuba

Familia zenye jamaa Oman au Falme za Kiarabu zina njia nyingine. Katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, kuna Ferrari World, iliyofunguliwa mwaka 2010, na Warner Bros. World, iliyofunguliwa mwaka 2018. Sehemu kubwa ya bustani hizo iko ndani ya majengo yenye viyoyozi, kwa hiyo joto kali la nje si kikwazo. Mwezi Mei 2025 Disney ilitangaza kwamba eneo lake la saba la bustani za burudani litajengwa katika kisiwa hicho hicho. Viza na bei zake ni tofauti na za Paris, lakini hesabu ya saa na ya urefu wa mtoto ni ile ile.

Kalenda ya maandalizi

Miezi 6 kabla: angalieni uhai wa pasipoti, chagueni wiki, na ndugu aanze kufuatilia hati ya kuwakaribisha.

Miezi 3 kabla: pelekeni maombi ya viza pamoja na bima.

Viza ikitoka: nunueni tiketi ya siku yenye bei ndogo, na muangalie ni michezo gani itakuwa imefungwa.

Wiki 1 kabla: mpimeni kila mtoto, kila mtu ataje mchezo wake mmoja, na watoto waambiwe wazi kipi hakitawezekana.

Usiku wa kuamkia: chajini simu, pangeni chakula chepesi, dawa na nguo za baridi au mvua. Lalaneni mapema, kwa sababu foleni fupi kuliko zote ni ya asubuhi.